KAGUA UKUTA WAKO: KUPIMWA AFYA SI KUKOSA IMANI

Somo la juma hili kwa vikundi vya ushirika wa nyumbani

Maandiko ya kusoma: Nehemia 2:11–18, Nehemia 4:9, Luka 17:11–14, Mithali 27:23

Wazo kuu: Mtu wa Mungu haogopi kujua hali yake. Anaomba, anakagua, kisha anajenga.



Wengi mnakumbuka ile Jumapili akina mama wetu walipoalika wauguzi waje kutupima baada ya ibada. Hema liliwekwa, meza zikapangwa, mashine za presha, mizani, na vile visindano vidogo vya kutoboa kidole ili kupima sukari. Nilitangaza madhabahuni kwamba kila mtu apite pale kabla ya kwenda nyumbani. Ibada ikaisha, watu wakasalimiana, wakachukua watoto wao, wakaanza kuelekea langoni. Foleni ilikuwa ya watu watano, na wanne kati yao ni wale wale akina mama waliopanga shughuli.

Basi nikasema niwe mfano. Nikaketi, nikakunja mkono wa shati, natabasamu ili watu waone. Dada muuguzi akanifunga ule mkanda, akasoma, akanyamaza. Kisha akasema, "Pasta, keti kwanza dakika tano, usiongee." Akapima tena. 178 kwa 112.

Akaniuliza kama nimekuwa nikiumwa na kichwa. Nikamwambia, "Dada, mimi niko sawa kabisa. Nimetoka kuhubiri saa nzima." Na haukuwa uongo, maana sikuhisi chochote. Nikamnong'oneza, "Tafadhali usiseme kwa sauti." Aliandika namba zile kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaifunga.

Wakati huo huo mzee wetu mmoja, rika langu, alikuwa amesimama kando ya hema. Wakamwita naye aketi. Akasema, "Mimi nimeombewa, mashine ya nini?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na karatasi iko kwenye Biblia.

Siku tatu sikumwambia mtu, hata mama mchungaji. Nilifunga na kuomba, lakini nikisema ukweli, sehemu kubwa ya maombi yangu ilikuwa kwamba mashine iwe ilikosea. Siku ya nne nilipanda matatu nikaenda kituo cha afya cha mbali, mahali hawanijui. Presha ilikuwa pale pale. Nikaanzishiwa dawa, nikaambiwa nipunguze chumvi na nitembee kila siku. Leo presha yangu imeshuka na inakaa mahali pake, namshukuru Mungu.

Yule mzee, miezi saba baadaye, alipatwa na kiharusi akiwa shambani. Yuko hai, lakini anatembea kwa mkongojo na mkono wa kulia haujarudi. Nilipomwendea nikamweleza habari za karatasi yangu, alinyamaza sana, kisha akasema, "Pasta, ungetuambia yako, labda ningeketi pale." Sijui kama angeketi. Ninachojua ni kwamba sikumwambia. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya, akasema niyaandike yote. Kwa hiyo somo hili ni deni ninalolipa.

1. NEHEMIA ALIKAGUA KABLA YA KUJENGA

Nehemia alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, jambo la kwanza alilofanya ni kulia, kufunga na kuomba. Soma sura ya 1 uone maombi yenyewe. Hakuna anayeweza kusema huyu alikuwa mtu wa imani haba. Lakini alipofika Yerusalemu, baada ya siku tatu, aliondoka usiku na watu wachache, akazunguka akiutazama ukuta ulivyo. Alifika mahali kifusi kilikuwa kingi hata mnyama aliyempanda akakosa njia. Baada ya kuona kwa macho yake ndipo aliwaita watu, akawaambia hali ilivyo, na kazi ikaanza.

Tujifunze mambo matatu hapa.

Kwanza, maombi hayakuchukua nafasi ya ukaguzi. Nehemia hakusema, "Nimeshaomba, kwa hivyo sina haja ya kuangalia." Maombi ndiyo yaliyompa nguvu ya kuangalia. Ukifika sura ya 4 mstari wa 9 utaona mtindo ule ule: adui alipotishia, watu waliomba, na tena wakaweka walinzi mchana na usiku. Ukimwona mlinzi amesimama ukutani husemi kwamba watu wa mji huu hawamwamini Mungu. Kupimwa mara kwa mara ni kuweka mlinzi kwenye ukuta wa mwili wako.

Pili, alikagua kwa faragha. Hakupiga tarumbeta. Kuna watu wetu wengi wanaoogopa kupimwa kwa sababu ya macho ya watu, na nimewaambia mimi mwenyewe nilinong'ona. Una haki ya kupimwa kwa siri na majibu yako kuwa yako. Lakini ona kwamba siri ya Nehemia ilikuwa ya muda mfupi, na ilikuwa ya kumsaidia kupanga kazi. Siri yangu mimi ilikuwa ya kujificha. Hizo ni siri mbili tofauti.

Tatu, alikagua hata mahali pachafu. Neno linataja kwamba alipita mpaka Lango la Jaa, yaani njia ya takataka za mji. Wapendwa, kuna sehemu za mwili ambazo tunaona aibu kuzitaja kanisani: mlango wa kizazi, matiti, tezi dume, njia ya choo kubwa. Adui anapenda sana lango ambalo hakuna mtu anataka kulikagua. Mungu ndiye aliyeziumba sehemu hizo, na hakuona aibu.

2. MAADUI WASIOPIGA HODI

Mtu atauliza, "Kama siumwi, napima nini?" Hili ndilo swali lenyewe. Malaria inapiga hodi: joto linapanda, viungo vinauma, unajua kuna mgeni. Lakini kuna magonjwa yanayoingia kimya na kukaa ndani ya nyumba miaka mingi kabla ya kuvunja kitu.

Presha ni namna hiyo. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, mchana na usiku, na mwenye mwili hasikii. Inachosha moyo, inaharibu figo, na siku moja mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka. Hicho ndicho kiharusi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Hebu angalia benchi ulilokaa Jumapili, uhesabu wanne wanne.

Sukari nayo hivyo hivyo. Inaweza kukaa mwilini miaka kadhaa ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu kabla mtu hajaanza kusikia kiu isiyoisha na kuamka usiku kukojoa. Katika uchunguzi ule ule, karibu watu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Kisha kuna saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaua zaidi ya akina mama 3,000 kila mwaka nchini mwetu. Chanzo chake karibu kila mara ni virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Sikieni vizuri hapa, maana nyumba zimevunjika kwa kutoelewa jambo hili: virusi hivi ni vya kawaida sana, na vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mama mwaminifu kwa mumewe anaweza kukutwa navyo. Majibu hayo si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka kwa virusi mpaka saratani kwa kawaida ni safari ya miaka 15 hadi 20. Hiyo ni miaka mingi ya neema, ambayo mabadiliko yanaweza kuonekana na kuondolewa kabla hayajawa saratani. Mama anayekufa kwa ugonjwa huu mara nyingi ni mama ambaye hakuna mtu aliyemkagua katika miaka yote hiyo.

Mithali 27:23 inamhimiza mfugaji ajue hali ya mifugo yake. Sisi tunajua ng'ombe yupi amekosa hamu ya majani tangu asubuhi. Dereva wa matatu anajua injini inayokohoa. Je, mwili ambao Roho Mtakatifu anakaa ndani yake, unaujua hali yake?

3. MANENO TUNAYOJIFICHA NYUMA YAKE

"Wenye afya hawahitaji daktari, hata Yesu alisema." Ni kweli Bwana alisema jambo kama hilo katika Luka 5:31. Lakini angalia alikuwa akiwajibu akina nani. Ni Mafarisayo na waandishi, watu waliojihesabu kuwa wazima. Shida yao ilikuwa kwamba hawakujua wao ni wagonjwa. Mstari huo haumsaidii mtu ambaye hajapimwa, kwa sababu hajui yuko upande gani.

"Mfalme Asa alikufa kwa sababu alitafuta waganga." Fungua 2 Nyakati 16 usome sura nzima. Asa alikuwa amegeuka mapema kabla ya kuugua miguu. Aliutegemea msaada wa mfalme wa Shamu, na nabii alipomkemea akamtia gerezani. Kosa lake katika ugonjwa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Sasa mlinganishe na Hezekia katika 2 Wafalme 20. Hezekia aligeuza uso ukutani, akalia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15. Na nabii Isaya aliyemletea ahadi hiyo ndiye aliyeagiza andazi la tini liletwe na kuwekwa juu ya jipu. Ahadi na dawa zilitoka kinywani mwa nabii mmoja.

"Nikipima nitajiitia ugonjwa." Ndugu yangu, kuwasha taa jikoni hakuleti panya. Taa inakuonyesha panya ambaye amekuwa akila unga wako tangu juzi. Kumbuka jinsi tulivyoogopa kupima virusi vya ukimwi miaka ile. Watu walikuwa wanafichwa kwenye vyumba vya nyuma, na matanga yalikuwa kila juma. Leo wako wapendwa waliopima mapema, wakameza dawa zao kila siku, na wanalea wajukuu. Waliojua hali yao ndio waliopata nafasi ya kuishi.

"Nimeombewa tayari." Hapa ndipo mzee wetu alisimama, na hapa nataka tukae kidogo. Soma Luka 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu awarehemu. Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu kwa sheria ya Walawi 13 kuhani ndiye aliyekagua ngozi. Aliangalia kidonda, akamtenga mtu siku saba, akaangalia tena. Kwa lugha ya leo, Yesu aliwatuma wakapimwe. Na walitakaswa wakiwa njiani kwenda kupimwa! Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Ukiamini umeponywa, nenda upimwe, urudi na karatasi mkononi kutoa shukrani kama yule Msamaria mmoja.

Na kwa sababu hiyo nasema kama mchungaji wenu: mtu asiache dawa kwa sababu ameombewa. Anayemeza dawa ya presha akapima akakuta iko sawa, mara nyingi iko sawa kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiiacha, inapanda tena kimya kimya. Ni vile vile kwa sukari na kwa dawa za ARV. Anayepaswa kukupunguzia dawa ni daktari aliyekupima. Mtu yeyote akikuambia utupe dawa ndipo imani yako ionekane, hata akiwa amesimama kwenye madhabahu yetu, njoo uniambie.

"Pesa sina." Hili si neno la kujificha, ni shida ya kweli, na siwezi kulipita haraka. Kwa mtu wa kibarua, siku ya kliniki ni siku bila mshahara. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Ni mara ngapi mwaka huu tumechanga kwenye WhatsApp ya kanisa kwa ajili ya bili ya hospitali? Tumeuza mbuzi, tumefanya harambee, wengine wameuza kipande cha shamba. Kupimwa presha ni kazi ya dakika kumi. Kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimekufa ni kazi ya kila juma, maisha yote.

Na kuna msaada ulio karibu. Tangu mwaka wa 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP, mifuko yenye mashine ya presha na ya sukari. Wako zaidi ya 100,000 nchini, na wanazunguka nyumbani kwa watu. Uliza chifu au mzee wa kijiji ni nani anayehudumia boma lako. Pia ukishajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 zinalipiwa na serikali. Uliza mapema ni kipimo gani kinapatikana pale, ndipo usipoteze nauli.

4. PIMA NINI, NA LINI

Haya si maagizo ya daktari. Ni mwongozo wa kukusaidia ujue cha kuuliza ukifika.

Kila mtu mzima: Presha, angalau mara moja kwa mwaka hata kama hujafika miaka 40. Usipime ukiwa umetoka kukimbia au kunywa kahawa. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono kwenye usawa wa moyo, na usiongee. Ikiwa karibu na 120 kwa 80, vizuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Pima pia virusi vya ukimwi ujue hali yako, na uulize kuhusu kipimo cha homa ya ini aina ya B, ambayo ina chanjo.

Sukari: Kuanzia miaka 40. Anza mapema kama una uzito mkubwa, kama mzazi au ndugu yako ana sukari, au kama ulikuwa na sukari ukiwa mjamzito. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa chini ya 6.1, ni sawa. Kikiwa 7.0 au zaidi, na kikarudiwa kikawa hivyo, hiyo ni kisukari. Katikati hapo ni onyo, na wengi wanaolisikia onyo hilo mapema wanaweza kuepuka ugonjwa kwa chakula, kutembea na kupunguza uzito.

Akina mama: Mlango wa kizazi, kuanzia miaka 25. Kuna njia mbili kubwa. Moja ni kipimo cha virusi vya HPV, ambacho kikiwa safi unarudi baada ya miaka 5, na mahali pengine mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Nyingine ni ya siki: muuguzi anapaka siki kidogo, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ni dakika chache, na mara nyingi matibabu ya kuiondoa sehemu hiyo yanaweza kufanywa siku hiyo hiyo. Ukiwa safi, unarudi baada ya miaka 3. Mama mwenye virusi vya ukimwi apimwe mara nyingi zaidi. Kuhusu matiti, yajue yalivyo kawaida, na kuanzia miaka 40 uulize daktari kuhusu picha ya matiti. Wazazi, binti akifika miaka 10, msimnyime chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchini mwaka wa 2019.

Akina baba: Sisi ndio tunaokimbia zaidi. Kuanzia miaka 50, au mapema zaidi kama baba au ndugu yako aliugua saratani ya tezi dume, zungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu kiitwacho PSA. Ni mazungumzo kwanza, kwa sababu PSA inaweza kupanda hata bila saratani. Na wengi wenu mkisikia tezi dume mnafikiria kidole cha daktari mnatoroka. Sasa mnajua kipimo cha kwanza kinaweza kuwa cha damu tu. Rudini.

Wazee wetu, mama kwa baba: Kuanzia miaka 45, uliza kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kuanzia miaka 40 pima macho pia, si kwa ajili ya miwani tu. Presha ya macho huiba kuona kidogo kidogo kutoka pembeni, na kilichopotea hakirudi.

Maonyo mawili. La kwanza: ukiwa tayari na dalili, usingoje siku ya kupimwa kanisani. Uvimbe kwenye titi, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, damu kwenye choo, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito bila sababu: nenda hospitali juma hili. La pili: jihadharini na wale wanaozunguka na kimashine cha kushika mkononi kinachodai kusoma magonjwa yote ya mwili kwa dakika moja, kisha wanakuuzia dawa pale pale. Hakuna mashine kama hiyo. Hapa kanisani hawataingia.

5. MAJIBU YAKITOKA

Yakiwa mazuri, mshukuru Mungu, andika tarehe kwenye jalada la Biblia yako, na ujue utarudi lini. Ukuta haukaguliwi mara moja tu.

Yakiwa na shaka, usianguke. Kipimo cha kwanza ni mlinzi anayesema, "Naona kitu kinasonga kule." Bado hajasema ni adui. Utaambiwa urudie, au utatumwa hospitali kubwa zaidi. Nenda. Wengi wetu tunapimwa, tunapewa karatasi ya kwenda mbele, na karatasi inabaki ndani ya Biblia. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa siku tatu. Kipimo ambacho hakifuatwi hakiponyi mtu.

Na usiende peke yako. Nehemia alikuwa na watu wachache usiku ule. Mwambie mke wako, mume wako, au mmoja wa wazee. Mama mchungaji alipoikuta hatimaye ile karatasi yangu, hakunikemea. Aliniuliza tu, "Baba, ulikuwa unanilinda mimi au unajilinda wewe?" Sikuwa na jibu.

HATUA ZA JUMA HILI

Akina mama wameomba wauguzi warudi, na tarehe itatangazwa ibadani. Safari hii tumebadilisha mambo. Upimaji utafanywa ndani ya vyumba vya shule ya Jumapili, si hemani, na majibu hayatasomwa kwa sauti. Mimi, wazee na mashemasi wote tutapimwa kwanza, kabla ya ibada. Na namba zangu nitawasomea mwenyewe madhabahuni, zikiwa nzuri au mbaya.

Kila kikundi cha ushirika kiandike majina ya watu wake wasioweza kufika, wazee na wagonjwa, ili tumwombe mhudumu wa afya ya jamii awapitie nyumbani.

MASWALI YA USHIRIKA

1. Nehemia aliomba kwanza, kisha akakagua. Ni wapi katika maisha yako umeomba lakini hujataka kuangalia?
2. Kwa nini Yesu aliwatuma wakoma wakajionyeshe kwa makuhani? Hilo linatufundisha nini kuhusu uponyaji na ushahidi wake?
3. Ni lipi kati ya yale "maneno tunayojificha nyuma yake" ambalo wewe umewahi kulisema? (Kiongozi aanze kujibu.)
4. Mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini? Usiseme namba kama hutaki. Sema mwaka tu.
5. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mtu anayeogopa kwenda kuchukua majibu peke yake?

TUOMBE

Baba yetu, umetupa miili hii tuitunze, nasi tumeiacha bila mlinzi. Utusamehe kwa kuita woga wetu imani. Tupe ujasiri wa kujua hali yetu, na amani ya kupokea majibu. Wabariki wauguzi na madaktari kwa macho makali na mikono ya upole. Mkumbuke mzee wetu, uurudishe mkono wake. Na sisi tulionyamaza, tufungue vinywa ili ndugu yetu asianguke tukiwa tumeficha karatasi. Katika jina la Yesu Kristo, amina.